Tathmini Zinazoandikwa Kabla Vumbi Halijaingia Kwenye Cheni

Mwaka jana nilinunua chupa ndogo ya mafuta ya cheni ya baiskeli baada ya kusoma tathmini iliyoyapa nyota 4 na nusu kati ya 5. Mwandishi alisema kwamba mafuta hayo ni safi, yanatuliza kelele na yanadumu. Niliyapaka, nikapanda barabara za vumbi za Ngaramtoni, na siku ya tatu cheni ilikuwa nyeusi tii, imenata, na kila nilipokanyaga pedali niliusikia mchanga ukisagika kati ya pini. Niliporudi kuisoma tathmini ile kwa utulivu, sikuona popote paliposema kwamba mwandishi aliendesha kilomita ngapi, kwenye barabara ya aina gani, wala kama aliipima cheni kabla na baada.

Sidhani kwamba alidanganya. Waandishi wengi hupelekewa kifaa na mtengenezaji siku chache kabla hakijaingia sokoni, na makala inatakiwa kutoka siku ileile ya uzinduzi, kwa hiyo anachokijua mwandishi ni safari mbili au tatu za jioni. Muda huo unatosha kueleza rangi, bei na uzito (ndiyo maana tathmini zimejaa gramu, kwani mizani ya jikoni haihitaji subira), lakini cheni, tairi, beringi na pedi za breki ni vitu ambavyo ubora wake hauonekani mpaka vianze kulika. Ukiongeza kwamba chini ya makala mara nyingi kuna kiungo cha kununulia kinachompa mwandishi kamisheni, unaelewa kwa nini ni nadra kukuta kifaa kilichopewa nyota 2.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa namna nyingine. Jarno Bierman, Mholanzi anayeendesha tovuti ya Bicycle Rolling Resistance, hulizungusha kila tairi juu ya pipa la chuma kwa mwendo uleule na mzigo uleule, kisha huandika ni wati ngapi zinazopotea. Kwa kuwa kipimo hakibadiliki, tairi la leo linaweza kulinganishwa na lililopimwa miaka kadhaa iliyopita. Pipa halina miiba ya migunga, nakubali, lakini angalau msomaji anajua ni nini kilichopimwa na ni nini hakikupimwa. Aliyenifaa zaidi ni Adam Kerin wa Zero Friction Cycling, Australia, ambaye huiendesha cheni kwenye mashine kwa maelfu ya kilomita, katika baadhi ya hatua akiimwagia uchafu na maji kwa makusudi, na kupima imelika kiasi gani. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba mafuta yanayobaki majimaji hukamata vumbi, na kwamba cheni iliyochovywa kwenye nta iliyoyeyushwa hulika polepole zaidi. Swali langu la Ngaramtoni lilijibiwa na mtu wa bara jingine, kwa sababu tu alikumbuka kuweka uchafu.

Kwa kofia ngumu huwa sisomi maoni ya mtu kabisa, kwa kuwa hakuna mwandishi anayeanguka ili aandike. Naangalia nyota za maabara ya chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, ambayo huzigonga kofia kwa mashine na kupima zinavyokinga kichwa.

Kisha yupo fundi wangu, ambaye hajawahi kuandika tathmini hata moja. Nilipomwonyesha ekseli ya pedali niliyotaka kuagiza, aliizungusha picha kwenye simu, akasema, “Dada, hiyo ukiiosha kwa maji ya presha, wiki ijayo unayo hapa.” Yeye huona vinavyorudi vimeharibika, na havioni vile vinavyodumu, kwa hiyo naye namsikiliza kwa kiasi; hata hivyo, neno lake limetoka kwenye mamia ya baiskeli.

Siku hizi napima mwenyewe kwa rula ya chuma. Katika cheni mpya, pini ya kwanza ikiwa kwenye sifuri, pini ya 25 huangukia kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, nainunua nyingine. Tarehe na kilomita nazinakili kwenye daftari. Tairi la nyuma nililofunga mwezi Machi limefika kilomita 1,400, na bado sijaandika neno juu yake.