Waliniambia niuze Pajero ninunue Harrier. Nikazijaribu zote mbili

Nauza nyavu na spea za injini za boti pale Kirumba, Mwanza, na kwa muda mrefu kila mtu alikuwa na ushauri uleule: "Mama, achana na hilo Pajero, limeshakufa hata kwao Japani. Chukua Anaconda." Dalali mmoja alinifuata mpaka dukani na picha kwenye simu. Ni kweli, Mitsubishi waliacha kuiuza Pajero Japani mwaka 2019, na 2021 wakaacha kabisa kuitengeneza. Lakini mwenye kutoa mamilioni ni mimi, kwa hiyo nilitaka kwanza nione.

Shemeji yangu ana hiyo Harrier wanayoiita Anaconda, toleo lililotoka mwishoni mwa 2013, petroli ya lita 2.0. Yangu ni Pajero ya 2009, dizeli ya lita 3.2. Tukabadilishana funguo kwa muda, kisha tukapanga siku ya mzigo twende na gari zote mbili mpaka mwaloni, kunakoshushwa samaki, upande wa Buchosa.

Kwenye lami Harrier ni raha, haki yake naipa. Kutoka Usagara, unavuka daraja la Kigongo-Busisi ambalo kabla ya Juni 2025 tulikuwa tunapanga foleni ya feri, mpaka Sengerema, mnaongea ndani ya gari kama mko sebuleni. Mafuta nilipima mwenyewe: jaza tenki mpaka pampu ikate, tembea, rudi kituo kilekile ujaze tena mpaka ikate, gawanya kilomita kwa lita. Usitegemee kinachoandikwa kwenye dashibodi. Harrier ilinipa kama kilomita 12 kwa lita, Pajero 8 na kidogo. Kwa mtu anayezunguka mjini, hapo hakuna tena cha kujadili.

Mimi biashara yangu iko ng'ambo ya lami. Huko udongo ni ule mweusi wa mbuga, mvua ikigusa tu unashika tairi mpaka meno yake hayaonekani. Fuso za dagaa zimechimba mifereji miwili mirefu, katikati pamebaki tuta. Nilisimamisha gari, nikaweka gia huru, nikavuta ule mkono mdogo mpaka 4LLc, yaani gia za chini za kuvuta matairi yote manne, nikasubiri taa zake ziache kumeta kwenye dashibodi, nikapita taratibu. Shemeji akafuata. Harrier ikalalia tuta kwa tumbo, matairi yanazunguka matupu. Ile ya kwake ni ya kuvuta matairi yote manne, lakini gari limeundwa kwa ajili ya lami, halina gia za chini, na tumbo liko karibu na ardhi.

Vijana wa mwaloni wakataka kusukuma. Nikakataa, wangejipaka matope bure. Jeki tuliyoweka mara ya kwanza ilizama yenyewe, gari halikupanda hata kidole. Nikaomba ubao wa mtumbwi uliovunjika, tukautandika chini ya jeki, hapo ikanyanyua. Tukajaza mawe na matawi chini ya kila tairi, jembe likala tuta mpaka tumbo likawa wazi. Ndoano ya kuvutia ya Harrier inafungwa kwa kuzungusha kwenye bampa la mbele, imo pamoja na vifaa vya jeki. Shemeji alikuwa hajui kama anayo! Halafu nikatoa kamba ya nanga kwenye mzigo wangu, ndefu ya kutosha Pajero isimame mbali, kwenye changarawe ngumu. Wengi hufunga kamba fupi, na anayevuta naye anazama. Nikaachia breki, nikakanyaga kidogo tu. Harrier ikatoka bila kelele.

Spea za Toyota Mwanza ziko kila kona. Za Pajero nyingi naagiza Dar, zinapanda basi, nazipokea stendi ya Nyegezi. Hilo ni gharama na ni usumbufu. Lakini kinachonikera zaidi ni ushauri. Gari lilipopoteza nguvu, fundi mmoja akaniambia, "Mama, tutoe hii injini, nikufungie ya Toyota." Milioni kadhaa! Fundi mwingine akafungua chujio la dizeli, akamwaga maji yaliyojaa chini yake, akaweka jipya. Gari likaondoka. Mwingine alidai injini hii inataka mkanda wa taimingi kubadilishwa haraka, wakati inatumia cheni. Ukienda kuikagua Pajero ya mtu, gusa boneti kwanza, iwe ya baridi, ili uone injini inavyowaka ikiwa imepoa. Ikiwa imeshawashwa kabla hujafika, rudi siku nyingine. Na taa za 4WD, zile za matairi yote manne kwenye dashibodi, zisipotulia, usilipe.

Dalali nimemwambia asinitumie picha tena. Hela niliyotenga kwa Harrier nilinunulia matairi manne ya meno makubwa, nikafanyia sevisi nzima, na iliyobaki imeingia kwenye nyavu.