Kilo zilirudi, nikazishusha tena, na safari hii zimekaa huko huko chini

Maelezo ya kupungua yako mengi sana, ila ya nini ufanye kilo zikisharudi ni machache mno na ndo kipindi kigumu kuliko vyote, kwa hiyo naandika yangu labda kuna mtu yatamfaa. Mara ya kwanza nilitoka kilo 92 nikafika 74, ilikuwa kabla ya harusi yangu. Baada ya hapo ikaja mimba, mtoto, usiku haulaliki, kazi ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, basi zikapanda mdogo mdogo mpaka 90. Na presha nayo ikaanza kusumbua, wakinipima inasoma 150 kwa 95, nikaambiwa tupunguze uzito kwanza ndo tuangalie habari ya dawa.

Kilichonibeba kabla hata sijagusa chakula ni maelezo ya afisa lishe mmoja. Alinikalisha akaniambia mdogo wangu, kilo kurudi sio uvivu, ni mwili unajilinda. Ukishapungua mwili unaona kama kuna njaa imeingia, homoni ya njaa inapanda, ya kushiba inashuka, na hali hiyo haiishi siku unayofikisha kilo ulizozitaka. Nikaenda kusoma mwenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu 50 waliopunguzwa uzito, mwaka mzima baadae homoni zao bado zilikuwa zinawasukuma kula. Halafu 2016 kuna utafiti wa Kevin Hall, mtafiti wa Marekani, yeye na wenzake walifuatilia watu 14 waliokuwa kwenye mashindano ya kupungua ya televisheni, miaka 6 baadae miili yao ilikuwa inaunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku, ukilinganisha na inavyotegemewa kwa mtu wa uzito ule. Jamani nililia. Miaka yote naambiwa sina nidhamu, na mimi nikaamini.

Toka hapo sikujiuliza tena nitashuka kwa kasi gani, nilijiuliza hiki chakula naweza kukila hivi hivi nikiwa na miaka 60? Kushindia maji ya ndimu na matango siwezi, basi hayo yakatoka. Kuacha ugali siwezi, mimi na watu wangu wote tunakula ugali, basi ugali ukabaki, nikapunguza tonge na kuongeza kilicho pembeni yake. Sahani yangu nusu ni mboga, matembele, mchicha, kisamvu, chochote kilichopo sokoni, halafu maharage au dagaa au samaki vya kutosha kabisa, ndo ugali unafuata. Asubuhi chai bila sukari na mayai ya kuchemsha au kiporo cha maharage, vitumbua nakula siku moja moja. Protini ndo iliniondolea ile njaa ya saa nne ambayo zamani ilikuwa inanipeleka kwenye maandazi.

Ila nikiambiwa nitaje kitu kimoja tu nitataja mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na sisi wengi tunamimina kutoka kwenye dumu kwa macho, mchicha unaelea. Nikaanza kupima kwa kijiko, vijiko viwili kwa sufuria ya familia nzima, nazi naweka tui jepesi. Hakuna mtu nyumbani aliyelalamika, na mume wangu suruali zikaanza kumpwaya bila hata yeye kujua kuna nini.

Mazoezi jimu sikujiunga, muda sina. Asubuhi nashuka basi la mwendokasi kituo cha Fire hapa Dar, natembea mpaka Posta, jioni kabla ya kuoga nachuchumaa na kuinuka, na nanyanyua madumu ya maji ya lita 5. Haya ya kunyanyua msiyadharau, ukipungua kwa kula kidogo peke yake misuli nayo inaondoka na misuli inasaidia kuunguza kalori.

Nikafika 73 na hapo ndo kazi yenyewe ikaanza, maana watu wanaacha kukupongeza wanaanza kukuonea huruma. Mtaani wananiuliza unaumwa? Una mawazo? Mume anakutesa? Kwetu mtu akinenepa wanasema ndoa imemkubali, akipungua wanatafuta ugonjwa. Mama mkwe alinivuta chumbani akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, nyumbani kwako mnakula kweli? Niliumia ila najua ananipenda, nikamwambia mama nakula nashiba, presha ilikuwa inanisumbua ndo nimebadilisha mapishi. Nikamwonyesha kadi ya kliniki, 122 kwa 80. Akanyamaza, siku hizi nikienda ananiwekea mboga nyingi yeye mwenyewe. Nawashauri semeni sababu ya afya kwa watu wa karibu, ukikaa kimya watajaza wenyewe.

Mizani napanda kila Jumamosi asubuhi kabla sijala. Marekani kuna daftari la utafiti la watu waliopungua zaidi ya kilo 13 na kukaa hivyo mwaka au zaidi, lilianzishwa 1994 na Rena Wing na James Hill, na robo tatu ya watu hao wanajipima angalau mara moja kwa wiki. Mimi sheria yangu ni ikizidi 75 wiki mbili mfululizo narudi kupima mafuta na kuandika ninachokula, sisubiri ifike 80. Wiki mbili kwa sababu sisi wanawake karibu na siku zetu maji yanajaa mwilini na mizani inapanda, sio mafuta hayo, usihangaike.

Ramadhani ndo mtihani. Mihogo ya nazi, tambi za sukari, kalimati, juisi, vyote mezani kwa wakati mmoja na tumbo tupu. Mimi nafungua kwa tende na maji, naenda kuswali kwanza, nikirudi naanza na supu, na vya sukari nachagua kimoja kwa siku. Daku naamka kula hata kama sina hamu, maharage au mayai na uji usio na sukari. Mwezi ukiisha huwa nimepanda kilo moja hivi, inashuka yenyewe nikirudi kwenye kutembea.

Kama unatumia dawa za sukari au za presha usianze kupunguza chakula kabla hujaongea na daktari, unaweza kushukiwa na sukari njiani ukaanguka, dozi huwa inabidi ibadilishwe kadri unavyopungua. Mwenye swali la mapishi aulize nitajibu.