Nusu ya Nini?

Miaka mitatu ya kwanza ya ualimu wangu nilikosoa hesabu ileile kwa kalamu nyekundu bila kumuuliza mtoto hata mmoja alikuwa anawaza nini. Nusu jumlisha theluthi. Kidato cha Kwanza karibu wote waliandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwaka uliofuata wakaja wengine na jibu lilelile. Nikawa nasema ofisini, kikombe cha chai mkononi, kwamba shule za msingi zinatuletea watoto watupu. Wenzangu waliitikia, maana hayo ni maneno ambayo kila mwalimu wa sekondari huyapenda. Mmoja tu alinyamaza akaendelea kusahihisha madaftari yake. Tulimwita Bibi, kwa sababu ya mvi zake, si kwa sababu ya ukoo. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa idara ya Hisabati.

Lakini nikianza na Bibi nitakuwa nimemruka mtu.

Nimekulia Muheza, Tanga, kwenye machungwa. Mwaka 1997 nilikuwa darasa la sita, na Hisabati tulifundishwa na mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Kwa wasiokumbuka: Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto aende shule, na walimu hawakutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza ualimu hukohuko vijijini, wakifundisha huku wakijifunza. Miaka ishirini baadaye jina hilo lilikuwa tusi. Watu walisema UPE maana yake Ualimu Pasipo Elimu. Baba yangu, karani aliyesoma kidogo kumzidi, alilisema hilo mezani kwetu mara nyingi, na mimi nikacheka.

Mwalimu yule alikuwa na tabia mbili. Ya kwanza, hakuandika alama ya kosa. Alifuata kazi yako mstari kwa mstari, akifika pale ulipopotea anachora duara dogo, basi. Chini ya hapo hasomi. Unarudishiwa daftari lina duara, ukatafute mwenyewe. Kama umejumlisha kabla ya kuzidisha, duara linakaa juu ya ile alama ya kujumlisha, nawe unajigonga paji la uso: Magazijuto! Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hakuna aliyemaliza shule ya msingi nchini hapa asiyelijua neno hilo, lakini kulijua na kulikumbuka wakati wa mtihani ni vitu viwili.

Tabia ya pili ilikuwa swali. Ukisema nusu, anauliza, “Nusu ya nini?” Ukisema robo, “Robo ya nini?” Ilituchosha. Siku moja alikuja na machungwa mawili, akayamenya mbele yetu na kutuhesabisha vipande. Moja lilikuwa na vipande kumi, la pili kumi na viwili. Akamwita mwenzetu: “Nipe nusu ya chungwa.” Yule mtoto akasimama na vipande vitano mkononi, anatazama chungwa la pili, hajui atoe au arudishe. Darasa likacheka. Tukala machungwa, nami nikasahau.

Sekondari nilikutana na mwalimu wa aina nyingine kabisa. Huyu alikuwa mwanga wa hesabu. Aliingia na kipande cha chaki, bila kitabu, akajaza ubao kutoka kushoto hadi kulia bila kugeuka, akafuta, akajaza tena. Logariti alizisoma kwenye majedwali ya tarakimu nne kama mtu anayesoma jina lake. Wengi hawakumwelewa, mimi nilimwelewa, na kwa msichana wa miaka kumi na sita hiyo ni sumu tamu sana. Nikaamua kwamba mwalimu wa Hisabati ni hivyo: kasi, chaki, mgongo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikosoma kuanzia 2005, hakikunitoa huko. Namkumbuka mhadhiri mmoja ambaye akiulizwa swali gumu alisema “sijui, tukae tulitafute”, tena akakaa kweli. Nilimstahi kwa hilo, ila sikumwiga. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipata alama nzuri. Ubao wangu ulikuwa safi.

Mwaka 2009 nikapangiwa shule ya kata wilayani Newala, mkoani Mtwara, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya kununua kwa ndoo na mikorosho imezunguka kila nyumba. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka wangu wa kwanza sitayaandika. Kitaifa, kwa miaka mingi, katika somo la Hisabati alikuwa akifaulu karibu mtahiniwa mmoja kati ya watano, na miaka mingine hata huyo mmoja hakutimia. Sisi tulikuwa chini ya hapo. Nilifanya kila nilichojua: vipindi vya jioni, Jumamosi, mitihani ya majaribio. Yaani nilifundisha vilevile, ila kwa muda mrefu zaidi.

Bibi aliniomba ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa langu. Aliomba, na yeye ndiye mkuu wangu. Kilikuwa kipindi cha mkondo, dakika themanini. Nilijiandaa, nikatiririka. Kengele ilipolia akanisubiri chini ya mwembe, akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa korosho.

“Kila mwanafunzi aliposema kitu, nilihamisha korosho moja kutoka mfuko huu kuja huu,” akasema. Akafungua kiganja. Zilikuwa nne. “Na hizi tatu, mwanangu, ni ‘ndiyo Madam’.”

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba watoto hawasemi kwa sababu hawajui Kiingereza, na hilo ni kweli. Wamesoma miaka saba kwa Kiswahili. Mtoto anayejua kiasi na asili, namba tasa na namba shufwa, sehemu guni, anafika Kidato cha Kwanza anakuta kila kitu kimebadilishwa jina. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa kwenye jaribio “product” ya 6 na 7, akaandika korosho, kwa kuwa neno hilo alilisikia kwenye kipindi cha Biashara. Bibi akasikiliza hadi mwisho. “Basi wape Kiswahili dakika kumi wakuambie wanawaza nini, halafu wape hicho Kiingereza cha mtihani,” akasema. “Unaogopa mkaguzi au unaogopa watakachosema?”

Niliogopa watakachosema. Mtu mwenye kasi hapendi kusimamishwa.

Ilinichukua muhula mzima kujaribu. Nilianza na ile hesabu yangu ya miaka mitatu. Nikamwita kijana mmoja wa nyuma ubaoni, akaandika 2/5, na badala ya kusema kosa nikamwambia, “Haya, tueleze umefikaje hapo.” Akanitazama kama anayetegewa mtego. Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu:

“Madam, Simba wamecheza mechi mbili wakashinda moja. Wakacheza tena tatu, wakashinda moja. Wameshinda mbili kati ya tano.”

Nilisimama na chaki. Alikuwa sahihi. Kwa hesabu ya mechi, alikuwa sahihi kabisa. Nikamrukia na silaha niliyoijua: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, sasa inawezekanaje uanze na nusu, uongeze kitu, upate pungufu ya nusu? Hakusita hata kidogo. “Ndiyo Madam, ukifungwa wastani unashuka.” Darasa likapiga makofi. Bibi, kule nyuma, akahamisha korosho.

Usiku ule sikulala vizuri. Miaka mitatu nilikuwa nakosoa kitu chenye akili ndani yake. Hawakuwa watupu, walikuwa na hesabu nyingine, halali, waliyoileta mahali pasipo pake. Na mimi, mwenye shahada, sikuweza kuwaeleza kwa nini hapa haifai. Alfajiri, nikiwasha jiko la mkaa, ndipo nikasikia sauti ya Muheza: nusu ya nini? Nusu ya kijana yule ilikuwa nusu ya mechi mbili, na theluthi yake ilikuwa theluthi ya mechi tatu. Vitu vizima viwili tofauti. Machungwa mawili.

Huko Newala sikuhitaji machungwa. Wazazi wa wanafunzi wangu waliijua kangomba, ile biashara ya korosho ya kichochoro. Tangu 2007 korosho za Mtwara zinatakiwa kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaziweka ghalani na kupewa stakabadhi, kupitia chama cha msingi, kwa mizani na mnada. Lakini mzazi aliyedaiwa ada mwezi wa sita, enzi hizo ada ikiwa bado haijafutwa, hakuweza kusubiri mnada wa mwezi wa kumi. Aliuza mapema kwa mtu wa kangomba, na huyo hakupima kwa mizani, alipima kwa bakuli. Nikaazima bakuli moja kwa jirani, nikachukua na la kwangu la nyumbani, nikayaweka mezani. “Nusu ya hili, jumlisha theluthi ya lile. Ngapi?”

Kimya. Halafu msichana mmoja, ambaye hadi siku hiyo nilimjua kwa jina la rejista tu: “Madam, theluthi ya bakuli la nani?”

Somo likawa lao. Tukaazima mizani dukani, tukajaza korosho za shule. Bakuli la jirani, ambalo kila mtu pale kijijini aliliita kilo, lilibeba kilo moja na robo. Sasa ukazuka ugomvi mtamu kuliko wote niliowahi kuamua. Nusu ya darasa wakasema mkulima anaibiwa robo, nusu wakasema anaibiwa humusi, yaani moja ya tano. Kila upande na hesabu yake ubaoni. Bakuli kumi ni kilo kumi na mbili na nusu; amelipwa kumi; zilizopotea ni mbili na nusu. Ukizilinganisha na alizolipwa, ni robo. Ukizilinganisha na alizotoa, ni humusi. Sikuamua. Nilisubiri, nikiwa nimeuma ulimi, mpaka kijana wa mechi za Simba akasema, “Lakini robo ya nini?”

Sikuwa nimewahi kuwafundisha swali hilo. Labda lilinitoka bila mimi kujua.

Nisiwadanganye kwamba matokeo yalipaa. Yalipanda polepole, mwaka mmoja yakashuka, yakapanda tena. Kilichobadilika haraka ni madaftari. Niliacha alama ya kosa, nikaanza kuchora duara. Inachosha kwelikweli: ukiwa na wanafunzi mia moja na themanini, alama ya kosa ni sekunde moja, duara ni dakika. Nikapunguza idadi ya maswali ninayotoa, wenzangu wakasema navivia kazi.

Bibi aliendelea kukaa nyuma kila baada ya wiki mbili. Siku niliyomcheka mtoto mbele ya wenzake (nilimcheka, sikatai) hakutoa korosho. Aliniuliza kama namjua Erasto Mpemba. Nilimjua kwa Fizikia: mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa wa moto ukiganda kabla ya uliowekwa wa baridi. Nisichokijua ni kwamba mwalimu alimkejeli, na baadaye kila akikosea, hata akisoma vibaya logariti, aliambiwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Alikuja kusikilizwa alipokuwa Mkwawa, Iringa, na Dakta Denis Osborne aliyetoka chuo cha Dar es Salaam, akaenda akalijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakalichapisha pamoja. “Huyu wako,” Bibi akasema, “tusije tukamsoma kwenye vitabu halafu wewe uwe yule mwalimu wa kwanza.” Akaondoka kwenda kipindi chake. Alistaafu akiwa na miaka sitini, akanikabidhi idara, ufunguo wa kabati na mfuko wa korosho mbichi usio na maelezo.

Mwaka 2019 nilikwenda Muheza kwenye msiba. Nikampitia mwalimu wangu wa darasa la sita. Nilimkuta barazani, amezeeka, kisu na sahani ya machungwa mbele yake. Nilimpa shikamoo, akaniitikia kwa jina langu la rejista, la baba na la babu. Nikamsimulia yote, mechi, bakuli, robo na humusi, nikitegemea atafurahi kwamba swali lake limefika Newala.

Alitafuna, akatema mbegu. “Yule wa mpira ulimjibu nini?”

“Nilimwambia ni vitu vizima tofauti, mwalimu.”

“Hapo umemwambia. Hujamwonyesha.” Akachukua ncha ya kisu, akaandika kwenye vumbi. “Mwambie nusu ni sawa na 2/4. Atakubali?”

“Atakubali.”

“Basi ajumlishe 2/4 na 1/3 kwa njia yake.”

Mbili na moja, tatu. Nne na tatu, saba. 3/7. Kwa 1/2 alipata 2/5. Kwa 2/4, ambayo ni nusu ileile, anapata 3/7. Hesabu yake haiwezi kuamua nusu ni kiasi gani. Nimesoma miaka mitatu chuo kikuu, pale Mlimani, nimefundisha miaka kumi, na hilo halikunipitia kichwani hata mara moja.

“Mwalimu, hili umelitoa wapi?”

“Nimelitoa wapi? Si umeniletea wewe sasa hivi?” Akanisukumia sahani. “Kula kwanza. Halafu tuone kama kuna sehemu ambazo njia yake inatoa jibu sahihi. Mimi nadhani hakuna, lakini jaribu na hasi.”

Basi langu lilikuwa la saa kumi. Niliondoka na la saa kumi na mbili, nyuma ya tiketi nimejaza sehemu.