Saa ya usimamizi

Foleni ya wateja ikiwa ndefu, kitu cha kwanza kukatwa kliniki za jamii ni saa ya usimamizi wa wanafunzi wa unasihi, yaani muda wa mwanafunzi kupitia kazi yake na mnasihi mzoefu. Mimi sikubali, na leo nimezidi kushikilia msimamo huo.

Tulikuwa tunasikiliza rekodi ya kikao cha mwanafunzi wangu, ambayo mteja aliiridhia kwa maandishi. Mwanzo mzuri kabisa: sauti tulivu, haraka hana. Wakafika swali la 9 la PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, lile linalouliza iwapo katika wiki 2 zilizopita mtu amesumbuliwa na mawazo kwamba heri afe, au ya kujidhuru. Nikamsikia akisema kwa kasi, "Na mawazo ya kujidhuru huna, sivyo?"

"Hapana," mteja akajibu. Wakasonga mbele.

Nikairudisha nyuma tukasikiliza tena, sikusema kitu. Akajiinamia. "Nimemjibia," akasema.

Kweli kabisa. Akiulizwa hivyo, anayetaka kusema ndiyo lazima kwanza ampinge anayemuuliza, na mtu aliyechoka na maisha hana nguvu hizo.

Darasani alishafundishwa kwamba kumuuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Analijua. Hofu yake ni nyingine: mteja akisema ndiyo, nifanyeje? Hofu hiyo haitibiwi na mhadhara. Janine Bernard, mtaalamu wa usimamizi wa wanasihi, katika modeli yake ya mwaka 1979, alimpa msimamizi nafasi tatu: mwalimu, mnasihi na mshauri mwenza. Ulimi wangu ulitaka kukimbilia ualimu. Nikamwacha kwanza aseme anachoogopa, akasema, machozi yakamlenga.

Ndipo tukapitia hatua: kuuliza kama kuna mpango, kama kuna njia ya kujidhuru mkononi, kama aliwahi kujaribu, nani wa karibu anaweza kuitwa, na ule mpaka wa siri, kwamba maisha yakiwa hatarini siri haifichwi, ambao mteja huelezwa tangu siku ya kwanza. Tukaigiza, mimi nikiwa mteja. Mara ya kwanza aliuliza macho yakiwa kwenye karatasi. Baadaye akaweka kalamu chini, akanitazama: "Umewahi kufikiria kujiua?" Nilisisimka mwili.

Tumempigia mteja leo leo, kesho asubuhi anakuja. Mwanafunzi atauliza mwenyewe, nami nitakuwa chumbani, mteja amekubali.