Herufi Ղ na Jina Langu

Wiki iliyopita nililipia kwa mara ya pili tafsiri ya pasipoti yangu hapa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, pamoja na muhuri wake, kwa sababu mfasiri wa kwanza aliliandika jina langu kwa herufi Գ, nikawa Ganima katika kila hati iliyofuata. Mimi naitwa Ghanima. Fedha hiyo kwetu Mombasa ningejaza kikapu cha sokoni wiki nzima, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba Waarmenia wanayo gh yetu kamili, tena ina herufi yake peke yake, nami nikanyimwa.

Herufi yenyewe ni Ղ, ya 18 katika alfabeti yao, ambayo zamani ilitumiwa pia kuandikia hesabu ya 90. Ikiandikwa ndogo, ղ, inafanana na n ambayo mguu wake wa kulia umeshuka chini ya mstari. Aliyenifunza ni jirani yangu mzee, ambaye sote tunamwita Tatik, yaani bibi. Nilipomsimulia mkasa wangu alivuta kibakuli cha chumvi, akaandika աղ, yaani chumvi, kwenye karatasi, akatamka "agh", nami nikaisikia ghaini ile ile ya Kiarabu niliyofunzwa chuoni nikiwa mdogo. Kisha akaandika Ղանիմա, akaniita kama anavyoniita mama yangu.

Mesrop Mashtots alipounda herufi 36 za Kiarmenia mnamo mwaka 405, hii ilikuwa na sauti ya l nzito. Ndiyo maana Luka kwao ni Ghukas, Lazaro ni Ghazaros na Paulo ni Poghos. Baadaye sauti ilirudi nyuma hadi kooni, herufi ikabaki ile ile. Katika baadhi ya maneno hutamkwa kh: աղջիկ, yaani msichana, husomwa akhchik, na mimi bado hukosea nikaliandika kwa Խ, herufi yao ya kh.

Ewe unayejiandaa kuja kusoma au kufanya kazi huku, usimwachie mfasiri pasipoti ukaondoka, kwa kuwa machoni pake Gh ni G tu. Mtamkie jina lako, naye akusomee alichoandika kabla hajagonga muhuri. Ghalib na adai Ղ yake, na Khadija adai Խ.

Hati zangu mpya zitatoka Jumatatu. Karatasi ya Tatik, yenye chumvi na jina langu, nimeitia ndani ya pasipoti.