Nilivyowafanya wanadarasa wenzangu wasome nilichoandika

Karibu kila niliyemuuliza nifanyeje wenzangu chuoni wasome makala zangu alinipa ushauri uleule: tupia kwenye grupu. Andika, tupia kwenye grupu la darasa, watasoma tu. Waliokuwa wakiniambia hivyo hawajawahi kuandika hata aya moja wakaitupia huko, maana wangejua grupu la darasa lina kazi gani. Pale watu wanaulizana kipindi kimehamia ukumbi gani, nani ana desa, yaani notisi za kopi, la semina ya kesho, bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, limeingia au bado. Makala yangu ya kwanza niliyoihangaikia usiku mzima niliituma asubuhi na mapema. Hazijapita dakika tano mtu akauliza, "Jamani, testi imesogezwa?" Basi. Zikamiminika meseji mia na ushee, makala ikazama. Jioni kiongozi wa darasa akanifuata pembeni kuniuliza lile faili lilikuwa asainimenti ya kozi gani.

Halafu akaja wa pili na lake: bandika kwenye ubao wa matangazo, kila mtu anapita pale. Nikabandika. Ubao ule nimeuchunguza sana tangu siku hiyo, naweza kukueleza maisha yake yote. Asubuhi karatasi yako inakaa peke yake, inapendeza. Saa nne anakuja wa "Chumba kinapangishwa Changanyikeni, choo ndani, maji yapo", anabandika kwenye kona yako. Mchana anakuja wa godoro la nne kwa sita, halijatumika sana, bei maelewano. Jioni fundi wa kompyuta anaweka tangazo lake katikati kabisa, lile lenye vipande vya namba za simu vilivyokatwa kwa mkasi, vinapepea kama ndevu. Kesho yake makala yangu ilikuwa imebaki aya ya mwisho tu, na aya ya mwisho bila ya kwanza haimwambii mtu kitu.

Lakini niliposimama pale kuangalia, niliona jambo. Matokeo ya testi yakibandikwa, watu wanasukumana, kila mmoja anateremsha kidole kwenye orodha kutafuta namba yake ya usajili. Karatasi hiyo haina picha, haina rangi, haina kichwa cha kuvutia, na inasomwa hadi inachanika. Kwa hiyo mtu asikuambie wanafunzi wa Tanzania hawasomi. Huo usemi unaniudhi kuliko yote. Nimeona mtu amesimama kwenye basi la kutoka hosteli ya Mabibo, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika desa la kurasa arobaini, na anafungua kurasa kwa meno.

Niseme nilichokuwa naandika. Nasoma historia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nilikuwa naandika habari za wanafunzi waliotutangulia hapahapa. Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na darasa dogo la wanafunzi wa sheria, na kilimani kikahamia 1964. Ukumbi wa Nkrumah tunaoupita kila siku tukikimbilia vipindi ndio huo uliokuwa nyuma ya ile noti ya zamani ya shilingi 500, yenye picha ya Mzee Karume. Mambo kama haya watu hawayajui, na si kosa lao, hakuna aliyewaletea.

Wapo waliosema niandike kwa Kiingereza ndiyo wasomi waniheshimu. Wapo waliosema niandike nani anatoka na nani hosteli. Wote niliwakatalia. Kiingereza tunakisoma kutwa nzima kwa ajili ya mtihani, na mtu akipumzika anataka lugha ya nyumbani. Na ya hosteli hayahitaji mwandishi, yanajiendesha yenyewe.

Wazo la karatasi lilinijia nilipokuwa nasoma habari za Cheche, jarida la wanafunzi wa hapa lililoanza 1969 na kufungiwa Novemba 1970. Wale hawakuwa na kiwanda cha uchapaji. Walichapa kwa stenseli, zile karatasi za nta za kurudufia, wino mikononi, wakagawa wenyewe. Nikajiambia, mimi nina steshenari kila kona, nashindwaje?

Sasa sikiliza. Karibu wote tunanunua madesa kwenye steshenari moja ya mama mmoja hivi, ana masta, yaani nakala mama za kutolea kopi, za kozi karibu zote kwenye mafaili, namba ya kozi imeandikwa kwa maka pepa mgongoni. Ili kubana matumizi anatoa kopi mbele na nyuma. Siku moja nimenunua desa la DS, yaani taaluma za maendeleo, kozi ambayo mwaka wa kwanza wote tunaisoma, nikaligeuza: nyuma ya karatasi ya mwisho peupe! Lilikuwa na kurasa kumi na tisa. Desa lenye kurasa za witiri lazima libakize ukurasa mmoja mtupu. Nilisimama pale dukani nikaanza kupekua masta zote kwenye mafaili, nahesabu kurasa tu, hata watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Karibu nusu zilikuwa witiri.

Nikasubiri wateja wapungue.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Desa gani?"

Nikamweleza ninachotaka: makala yangu itoke kwenye ule ukurasa mtupu wa mwisho. Akanisikiliza huku anapiga pini. Akasema, "Karatasi ya nyuma ni tupu tu, haina faida kwangu. Ila wino, mwanangu, wino ndio unaniumiza."

Tukaelewana nilipie wino. Nilikuwa nampa kama elfu kumi hivi kwa desa linalotoka sana, pungufu kwa yale madogo, na siku mfuko ukiwa mkavu alinisubiri hadi bumu. Sharti nililojiwekea mwenyewe: sigusi notisi alizoandaa mhadhiri, naweka kwenye yale madesa tunayofupisha wenyewe wanafunzi, na aliyelifupisha namwomba kwanza. Hakuna aliyekataa.

Kuna hila moja hapa ambayo najivunia. Desa linapigwa pini kona ya juu kushoto. Mtu akilishika mbele ya uso akisoma ukurasa wa kwanza, nyuma ya karatasi ya mwisho inamtazama aliyekaa mkabala naye. Kwa hiyo kila msomaji wa desa anakubebea tangazo bila kujua! Nikaongeza herufi za kichwa cha habari hadi zikasomeka kutoka benchi la pili, nilizipima kwa kumkalisha rumeti wangu upande wa pili wa chumba. Mwili wa makala nikaugawa safu mbili, herufi ndogo lakini si za kuumiza macho, na yote yaishie ukurasa uleule.

Kisa cha kwanza nilichoweka kilikuwa cha maandamano ya Oktoba 22, 1966. Nilianza hivi: "Kabla hujalalamikia bumu, wapo waliosoma hapa wakaandamana hadi Ikulu kwa sababu ya fedha, na kesho yake hawakuwa wanafunzi tena." Halafu nikaeleza. Serikali ilikuwa inataka Jeshi la Kujenga Taifa liwe la lazima kwa wasomi, miaka miwili, sehemu kubwa yake mtu akiwa kazini huku akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wakaandamana, wengine wakibeba mabango ya kusema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao mamia yao. Siku ileile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nikamalizia kwa swali: ungekuwepo, ungebeba bango?

Sikumwambia mtu. Wiki ile niliingia semina, jamaa mmoja mbele yangu anatakiwa kuwasilisha, macho yote kwake, na safu nzima iliyokaa mkabala naye inasoma mgongo wa desa lake. Mwingine aliinama kabisa apate mistari ya chini. Mchana kwenye foleni ya kafeteria nikakuta ubishi mkali, dada mmoja anasema Mwalimu aliwaonea, walikuwa vijana, wangekanywa tu. Mwenzake anasema wangewezaje kudai huku mkulima ndiye aliyewasomesha? Chakula kilipoa, wanabishana mambo ya 1966 kana kwamba yametokea jana. Nilikaa meza ya jirani nasikiliza, nilifurahi mno.

Jina langu na kozi niliandika chini, waziwazi. Yule aliyenishauri nifiche jina ili watu wawe na hamu hakufikiria jambo moja: msomaji akitaka kukujibu atakupata wapi? Mimi walinipata. Wakaja na majibu yameandikwa kwa kalamu pembeni mwa makala yenyewe, mengine ya hasira, na nikayachapa yaliyofaa kwenye desa lililofuata. Hapo nikaongeza jambo jingine: kisa kirefu nakikata, naandika chini kinaendelea nyuma ya desa la kozi gani. Kisa cha Symonds Akivaga, rais wa wanafunzi aliyetoka Kenya akaondolewa chuoni Julai 1971 baada ya barua yake ya wazi kwa uongozi, na wenzake wakagoma kuingia madarasani, nilikigawa mara tatu. Watu wa kozi nyingine kabisa wakawa wanaazima madesa yasiyowahusu ili wafike mwisho.

Ukitaka kujaribu, hesabu kurasa za masta mwenyewe, usiulize, na nenda steshenari wiki mbili kabla ya testi, ukichelewa kopi zinakuwa zimeshatoka. Mitihani ya mwisho ikikaribia mama hana muda na wewe.

Muhula huu kuna kijana wa uhandisi ameleta makala yake kuhusu maji ya bwenini kwao, imeandikwa vizuri, ina vipimo na mchoro. Madesa ya uhandisi mengi ni shufwa, kwa hiyo tumekubaliana tumuombe mfupishaji mmoja aongeze ukurasa wa maswali ya mitihani iliyopita, desa lake la kurasa ishirini lifike ishirini na moja, na makala ya kijana iingie nyuma.