Shoti chesisi kwenye safari za mbali: njia si tatizo, mzigo ndio tatizo

Anayetaka gari fupi la four-wheel kwa safari za porini huuliza kwanza kuhusu matope na mawe. Jibu lake ni jepesi: huko shoti chesisi halina cha kuonea haya. Swali gumu liko kwenye buti, na bora uliulize kabla pesa haijatoka mfukoni: utabeba nini, kina kilo ngapi, na utakiweka wapi?

Ufupi ninaousema ni ule wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Suzuki Jimny ya milango mitatu ina milimita 2,250, Land Cruiser 71 ina 2,310, Defender 90 ya zamani 2,360, na Jeep Wrangler JL ya milango miwili 2,460. Linganisha na Defender 110 ya zamani yenye 2,794, au Land Cruiser 200 yenye 2,850. Faida ya kwanza ni tumbo. Chukua magari mawili ambayo tumbo liko milimita 210 kutoka ardhini, moja la 2,250 na jingine la 2,850. Kwa hesabu ya pembetatu tu, bila kuingiza tairi, fupi linavuka nundu ya nyuzi 21 na refu linagota kwenye nyuzi 17. Ili refu lifikie 21 ungelazimika kuliinua sentimita tano na nusu zaidi, yaani springi na shokapu mpya. Fupi limezaliwa nazo.

Wembamba nao una kero yake, na haisemwi sana. Kati ya tairi za kushoto na za kulia Jimny ina milimita 1,400 hivi. Land Cruiser 200 inazidi 1,600. Kwenye njia iliyochimbwa na magari makubwa, tairi za upande mmoja zinaingia kwenye mfereji na za upande mwingine zinapanda tuta la katikati, gari likaenda limelalia ubavu kilomita baada ya kilomita. Ukiweza, uache mfereji mmoja upite chini ya tumbo: tairi za upande mmoja juu ya tuta la katikati, za upande mwingine kwenye ukingo wa nje.

Sasa mzigo. Jimny ya kizazi kilichotoka 2018 inaruhusiwa kufika kilo 1,435 ikiwa na watu na kila kitu, na ikiwa tupu ina kilo 1,100 na ushee. Kutegemea toleo, umebakiwa na kama kilo 300. Zinavyokwisha ni hivi. Watu wawili, 150. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku, siku nne, kilo 40. Tangi ni la lita 40; kwenye mchanga na gia nzito (zile za mwendo mdogo na nguvu nyingi) hesabu lita 11 kwa kila kilomita 100, na ukiacha lita 5 za akiba una kilomita 320 hivi. Madumu mawili ya chuma ya lita 20 yanakufikisha kwenye 680, na kila dumu likijaa petroli lina kilo 19 hivi, kwa hiyo 38. Chakula, jiko na gesi, 20. Vifaa vya kunasua, 20. Spana, jeki na vipuri, 15. Hema la chini na malazi, 15. Jumla 298.

Na hapo hujafunga hata taa ya ziada. Bampa ya chuma na winchi yake, au hema la juu ya paa lenye kilo 50, havina nafasi kwenye hesabu hiyo. Mwenye navyo ajue amepunguza maji au mafuta, au anatembea amezidisha. Kwangu mimi hili ni gari la watu wawili, na kiti cha nyuma king'olewe pale sheria inaporuhusu. Kisha lipeleke kwenye mizani ya malori likiwa limepakiwa kamili, upime ekseli ya mbele peke yake, halafu gari zima. Kukisia kwa macho hakufai, kwa sababu springi ngumu huficha mzigo. Zinainua mkia, lakini haziongezi nguvu ya breki wala ya ekseli.

Mahali pa kuweka ni muhimu kama uzito wenyewe. Kilo 60 zikikaa sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma zinanyanyua kilo 16 kutoka tairi za mbele. Kwenye gari la milimita 2,850 zingenyanyua chini ya 13. Dalili utaziona jioni ya kwanza: taa zinamulika vilele vya miti, usukani umekuwa mwepesi, na kwenye changarawe tairi za mbele zinaburuta mapema ukishika breki. Kwa hiyo maji yakae sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele, yamefungwa kwa mikanda. Petroli isikae ndani na watu. Paa si jibu pia, maana kwa Jimny kikomo chake ni kilo 30, na keria yenyewe inahesabiwa humo. Mlango wa nyuma tayari umebeba spea. Kinachobaki ni kibebeo cha nje kilichofungwa kwenye chesisi, na dumu la kwanza limiminwe tanki likipata tu nafasi ya lita 20.

Barabara iliyojikunja kama bati hulichosha gari fupi kuliko refu. Pua na mkia vinapokezana kupanda na kushuka, na ukikata kona kwa kasi mkia unaruka pembeni. Punguza upepo wa tairi, punguza mwendo, na breki zimalizike kabla ya kona.

Kilima kikikushinda katikati, usigeuze. Shika breki, weka rivasi ya gia nzito, achia klachi yote, kisha achia breki polepole ushuke na injini huku usukani umenyooka. Gari fupi hugeuka upesi: kosa dogo la usukani linaliweka kingamo, na likikaa kingamo linabiringika.

Ugonjwa mwingine unaosumbua mafupi yenye ekseli nzima mbele, yaani moja inayounganisha magurudumu yote mawili, ni usukani kutetemeka ghafla kwenye kilomita 70 au 80 kwa saa. Anza na balansi ya tairi. Ikiwa ni nzuri, pandisha ekseli ya mbele kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imeshikanisha diski na kikono kinachobeba gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani za egemeo ambalo gurudumu hugeukia unapokata usukani. Hizo hufa mapema kwa magari yanayovuka mito, maana sili ikichoka maji huingia na grisi inageuka uji. Kisha shusha gari, washa injini, mwenzako achezeshe usukani kushoto na kulia kwa ufupi. Itazame ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isihame pembeni: ncha ikisogea ndani ya bushi kabla ekseli haijasogea, bushi imekwisha. Fundi anayeanza kwa kukuuzia dampa mpya ya usukani (shokapu ndogo inayoutuliza) anakuuzia pazia, maana mtetemo utarudi dampa ikichoka.

Upepo: wepesi wa gari unakuruhusu kushuka zaidi. Changarawe na mikunjo, psi 20 hadi 22. Mchanga, 15, na ukikwama kabisa 12, lakini hapo usikate kona kali kwa sababu tairi inaweza kuvuka ukingo wa rimu. Pampu iunganishwe moja kwa moja na betri. Tundu la kuwashia sigara huunguza fyuzi.

Kamba ya kuvutia nayo iendane na uzito. Ile inayonyumbuka iliyotengenezwa kwa gari la tani tatu haivutiki vya kutosha ikifungwa kwenye gari la tani moja na nusu, kwa hiyo badala ya mvuto laini unapata mshtuko. Chagua yenye nguvu ya kukatika mara mbili hadi tatu ya uzito kamili wa gari, yaani karibu tani 3 hadi 4 kwa Jimny. Na chunguza inapofungwa: pete nyembamba zilizochomelewa chini kwa ajili ya kufungia gari likiwa melini si ndoano za kuvutia. Zikikatika, huruka kuelekea kioo cha mvutaji.